Taa za Tangi Kuu

Taa mbili zilining'inia juu ya Tangi Kuu, na kati yake Injinia Tusekile alisimama kwenye daraja la chuma akiyatazama maji. Upande wa kulia maji yalikuwa kijani mpaka chini kabisa. Nyasi-utepe zilipunga polepole, na perege walipita katikati yake, hawana hili wala lile. Upande wa kushoto, hatua ishirini tu kutoka hapo, maji yalikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, na majani yaleyale, yaliyopandwa siku moja na mkono mmoja, yalionekana meusi kama masizi ya sufuria. Lakini kila jani jeusi lilikuwa likitoa viputo vya hewa mfululizo, kama chupa ya soda iliyofunguliwa sasa hivi.

"Nisomee," Tusekile aliiambia Karani.

Karani ilikuwa akili unde ya mji. Haikuwa na sura wala mwili, ila sauti iliyotoka ukutani, na haikujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Taa-jua, hewa ya watu mia mbili na watano," ilisema Karani. "Taa-zambarau, hewa ya watu mia mbili na kumi na wawili. Umeme ni uleule."

Mji wa Mbalamwezi ulikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili. Walikaa ndani ya handaki lililoachwa na lava chini ya uso wa Mwezi, wala hawakuwa na dirisha hata moja. Pafu lao lilikuwa tangi hili la maji matamu, urefu mita arobaini, lililojaa mimea ya ziwani iliyovuta hewa chafu na kurudisha safi. Taa zake za zamani zilikuwa zimechoka. Mvua ya vimondo ilikuwa imevunja nusu ya mabamba ya umeme huko juu, na chombo cha Duniani kilikuwa hakitarajiwi kabla ya miezi kumi na minne. Ghalani kulikuwa na taa mpya za aina mbili, na umeme uliobaki ulitosha kuwasha aina moja tu.

Tofauti yake ilikuwa rahisi kueleza. Jani hula zaidi mwanga mwekundu na wa bluu, na sehemu kubwa ya mwanga wa kijani huirudisha. Hicho kinachorudishwa ndicho jicho la mtu linachokiona. Taa-jua hutoa rangi zote, na kwa hiyo umeme mwingi huishia machoni pa watu. Taa-zambarau hutoa chakula cha jani peke yake. Jani hula chote, halirudishi kitu, nalo huonekana jeusi.

Na watu saba ambao taa-jua isingewatosha? Watu saba wangelazwa kwenye masanduku ya usingizi baridi mpaka chombo kije. Mara ya mwisho walilazwa watano, wakaamshwa wanne. Wa tano alikuwa Mwalimu Lugendo, na mpaka leo watoto wa darasa lake hawakikalii kiti chake.

Tusekile hakutaka kuchagua, lakini hakuna aliyemuuliza anataka nini. Fundi wa nuru alikuwa yeye. Jioni ile alimpelekea baba yake zile namba, kama alivyofanya kila mara tangu akiwa mwanafunzi.

Mzee Ambakisye ndiye aliyelipanda Tangi Kuu miaka thelathini na mmoja iliyopita. Alilichora, akalijenga, akatengeneza kila kijimlango na kila kufuli lake, kisha akashuka majini na kupanda miche elfu tisa kwa mikono yake. Siku hizi kumbukumbu yake ilikuwa imetoboka. Ya zamani aliyashika yote. Ya jana yalivuja. Lakini ukimpa hesabu wakati ametulia, alikuwa injinia yuleyule.

"Zambarau," alisema baada ya kusoma. "Hata mimi ningechagua hiyo. Ila watu watakulaumu, mwanangu."

"Wataninunia, baba. Wakiwa hai."

"Haya. Washa."

Watu walinuna kweli. Mbalamwezi walikuwa na desturi waliyoiita kupunga macho: kila jioni, kwa zamu, kila nyumba ilikwenda kukaa robo saa mbele ya kioo cha tangi. Pale mabibi harusi walipigiwa vigelegele, pale watoto wachanga walioneshwa rangi ya kijani kwa mara ya kwanza, na pale mtu aliyekaribia kupasuka kwa kuchoshwa na kuta alikaa mpaka moyo ukarudi mahali pake. Jioni ya kwanza ya taa mpya nyumba zilikuja, zikatazama lile giza la zambarau, zikaondoka kabla robo saa haijaisha. Mama mmoja alimziba mwanawe macho. Hakuna aliyemsema Tusekile mbele yake, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na Tusekile alilikumbuka mapema. Watunzaji wa tangi hawakupima ugonjwa wa mimea kwa mashine. Walisoma rangi kupitia kioo, kama Mzee Ambakisye alivyowafundisha, na kanuni yake ya kwanza kila mmoja aliijua kwa moyo: jani jeusi halilali tangini. Weusi ni uozo, na uozo ukiachwa usiku mmoja hula shamba zima; kwa hiyo ukiuona, kata siku hiyohiyo. Tusekile aliwakusanya watunzaji wote sita akawaambia kanuni hiyo imesimamishwa. Akamwambia na baba yake. Mzee akacheka, akasema kwamba anajua, si yeye aliyefundisha rangi kabla wao hawajazaliwa?

Asubuhi alikuwa amesahau. Jioni alifika kwenye kioo, akasimama, akaweka kiganja juu yake.

"Nani ameniulia mimea yangu?" aliuliza.

Tusekile alimweleza yote upya: umeme, taa, watu saba. Mzee alisikiliza akifuta machozi kwa kofia yake, akaelewa, akamshika binti yake bega. Kesho yake alilia tena kwa machozi mapya kabisa. Ikawa hivyo siku nane. Kila jioni Tusekile alimpa baba yake habari za msiba, na kila jioni alikuwa yeye mwenyewe aliyesababisha msiba wenyewe. Alifikiri hakuna adhabu kubwa zaidi ya hiyo, maskini.

Siku ya tisa, mji mzima ukiwa bwaloni kwa chakula cha mchana, Karani ilizungumza katikati ya kelele za sahani.

"Injinia Tusekile, hewa inashuka. Kuna mtu ndani ya tangi."

Alikimbia. Mwezini mtu hakimbii, huruka kidogo na kuanguka polepole, na njia ya kutoka bwaloni haikupata kuwa ndefu namna ile. Alipofika, uso wa maji haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa na majani yaliyokatwa, rundo juu ya rundo, na perege walikuwa wakihangaika chini yake. Katikati aliibuka baba yake, barakoa ya maji usoni, mkasi mrefu mkononi, akitweta.

"Umechelewa," mzee alisema alipovutwa darajani. "Uozo ulikuwa umefika mpaka katikati. Lakini nimeiokoa mimea iliyobaki. Mwambie mama yako asiwe na wasiwasi."

Mama yake Tusekile alikuwa amefariki miaka kumi na miwili iliyopita.

"Nitamwambia," alijibu Tusekile, na akamfunika taulo.

Mzee alikuwa amekata theluthi moja ya tangi, kwa ustadi, shina kwa shina, jinsi alivyowafundisha wengine. Karani ilipiga hesabu: mimea ingechukua siku arobaini kuota tena, na mpaka hapo hewa ilitosha tu kama watu wangelala. Basi wakalala. Shule ikafungwa, karakana zikazimwa, na watu mia mbili wakajinyoosha vitandani wakipumua kidogokidogo, wamekatazwa kuimba, wamekatazwa kupanda ngazi. Watoto wa miaka mitano hawaelewi kwa nini wasiruke, na mama zao walishinda wamewakumbatia kwa nguvu. Hakuna aliyekufa. Lakini hofu ya siku zile haikumtoka mtu.

Siku ya arobaini na moja Mwenyekiti wa mji, Bi Kokushubira, alimwita Tusekile ofisini. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, na upole wake siku ile ulimtia Tusekile baridi.

"Kaa, binti yangu. Unajua nilichokuitia."

"Najua, Bi Mwenyekiti. Tubadilishe makufuli ya tangi."

"Makufuli ya nani? Karani imejaribu mara tatu. Mzee ameyafungua yote kwa kijiko, mwenyewe anatabasamu. Vijimlango vingine havimo hata kwenye ramani."

"Basi nitakuwa naye mimi, mchana na usiku."

"Na taa utaziangalia saa ngapi? Ulisinzia wiki iliyopita, akaonekana darajani. Sikusemi. Wewe ni mtu." Bi Kokushubira alisukuma karatasi mbili mezani. "Tunaweza kurudisha taa-jua. Ataona kijani, hatakata. Hapa kuna majina saba ya usingizi baridi. Yamepatikana kwa kura."

Tusekile alisoma. Jina la nne lilikuwa la mtoto aliyezibwa macho na mama yake.

"Na hii ya pili?"

"Ya pili ni mlango wa chumba chake. Unafungwa kwa nje, na Karani ndiyo inayoushika, si kufuli. Itatakiwa sahihi ya ndugu."

Alitafuta njia ya tatu mpaka kichwa kikamuuma. Hapakuwa na umeme wa taa za aina mbili, hapakuwa na mikono ya kulinda, hapakuwa na dawa ya kumbukumbu. Hakuwa na pa kutokea, na aliichukia kalamu ile kama kitu chenye roho. Kabla ya kusaini aliomba jambo moja tu: ampeleke baba yake kwenye kioo mara ya mwisho.

Alikwenda naye mchana, peke yao. Mzee hakulia safari hii. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye theluthi iliyokatwa, penye mimea mipya iliyolingana kimo kama nywele zilizokatwa juzi, na uso wake ukawa mgumu.

"Huu si ugonjwa," alisema. "Huu ni mkasi. Watu wangapi wanapumua hapa?"

"Mia mbili na kumi na wawili, baba."

"Na mtu akakata. Mmemjua?"

"Tumemjua."

"Basi msimwache atembee ovyo. Hata akiwa na sababu yake." Akageuka kumtazama binti yake. "Unanisikia, Injinia? Usimwonee huruma."

"Nimekusikia," alisema Tusekile. Siku ileile alisaini.

Sasa kila jioni nyumba zimeanza tena kupita kwenda kwenye kioo, watoto wakirukaruka mbele ya wazazi wao. Watu wameanza kuizoea rangi nyeusi. Wengine husema ina uzuri wake. Tusekile huweka kigoda mbele ya mlango wa baba yake, akaketi hapo mpaka zamu ya mwisho iishe. Chumbani hamna saa, maana Tusekile aliomba mwenyewe iondolewe, na katika handaki lisilo na jua mtu hujua muda kwa kuambiwa.

"Tuse," mzee huita kutoka ndani, sauti yake haina kinyongo. "Jioni imefika?"

"Bado, baba."

"Haya. Ikifika niite." Kisha Tusekile humsikia akikaa kitandani na kuanza kuvaa viatu.