Nyaya za Upande wa Kisima

"Kipanga, Kituo hapa. Mwenye kofia ya njano anachezea nyaya. Mlinzi kamwona. Mzuie!"

"Nimempata."

Kipanga aliruka ukuta wa kiwanda cha zamani cha betri, bastola ya Glock mkononi.

Mbele yake fito za chuma zilisimama kwa mistari kwenye udongo uliolowa. Umeme ulipita humo usiku na mchana, ukiivuta sumu ya madini ya risasi kutoka upande wa kisima cha shule hadi upande wa pili, ikachimbwe na kutolewa. Kampuni ya ng'ambo iliyonyimwa kazi hiyo ilikuwa imetuma mtu kuiharibu. Kugeuza nyaya tu kungetosha. Sumu ingerudi kwenye maji ya watoto.

Mwenye kofia ya njano alikuwa ameinama kwenye sanduku la swichi, barakoa usoni, koleo mkononi.

Kipanga hakuuliza. Alimrukia, akamlaza topeni, akamwekea goti mgongoni na kumtia pingu.

"Wamezigeuza tangu jana! Mimi nazirudisha!" Kisha akageuza shingo, akamwona, sauti ikashuka. "Mkwe... ni wewe?"

Kipanga akaondoa goti.

Mama mkwe! Alijua ni mhandisi, lakini hakuwahi kuuliza wa nini. Mama naye alimjua yeye kama wakala wa bima.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama mkwe alijiinua, akaketi topeni.

"Hivi ndivyo mnavyouza bima? Nani kakwambia mharibifu ni mimi?"

"Mlinzi."

Pikipiki ikanguruma langoni; mlinzi alikuwa akitoroka. Kumbe mwizi ndiye aliyepiga kelele za mwizi.

Kipanga akageuka, akalenga. Mlio mmoja. Tairi la nyuma likapasuka na mlinzi akabiringika hadi mtaroni.

"Kituo, mlengwa kanaswa. Ni mlinzi."

"Safi! Na yule wa kofia?"

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na sumu yake.

"Ni raia mwema," alijibu.

Alifungua pingu. Mama mkwe hakumtazama. Alivua barakoa iliyojaa tope, akarudisha waya wa mwisho mahali pake, akawasha swichi na kungoja mpaka mshale wa mita ukalala upande unaotakiwa.

"Watoto watakunywa," alisema.

"Mama, nisamehe. Naomba haya yabaki hapa."

"Siri ya serikali nitaitunza. Sina neno nayo." Akaokota kofia yake. "Lakini la goti, mke wako atalisikia leo. Kwa mdomo wako."

Kipanga alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akaondoka taratibu bila kugeuka nyuma. Aliyemwona angedhani ni ushujaa.