Kitabu cha Sahihi Tisa

Kuli wa stesheni ya Dodoma aliangusha sanduku la vitabu mbele ya abiria wote, na Sila, karani wa maktaba, akapiga kelele kana kwamba kaangushiwa mtoto. Kitabu kimoja kiliteleza mpaka kwenye raba nyeupe za binti mmoja aliyevaa gauni la kijani. Binti akakiokota, akakifungua penye picha ya korongo lililochimbwa na mvua, akasahau kwamba treni yake inapiga filimbi.

“Korongo hili ni kama la kwetu Gulwe,” alisema. “Linakula kiwanja cha shule yangu. Mbona kurasa nyingine zimeshikana?”

“Vingine huja hivyo kutoka Ulaya. Msomaji wa kwanza ndiye anayezikata kwa kisu. Nirudishie, dada, tafadhali.”

“Mimi si dada yako, mimi ni Mwalimu Ruthu. Niazime.”

Hapo Sila alipaswa kukataa na kwenda zake. Lakini alishamtazama usoni, na soksi zake ndefu za kikarani hazikumsaidia kitu.

“Utakisoma kabla ya mvua,” alisema.

Ahadi ya kipumbavu! Ilikuwa mwaka 1952, Waingereza wakitawala, na maktaba ile ya utafiti wa udongo na maji ilikuwa na utaratibu wake. Kila kitabu kipya kilibandikwa karatasi yenye majina ya mabwana tisa wa Kizungu. Kila mmoja akikisoma alitia sahihi, akakirudisha maktaba kipelekwe kwa mwenzake. Kabla ya sahihi ya tisa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Aliyebandika karatasi hizo, kwa gundi yake safi, ni Sila mwenyewe, na alijivunia kwamba hajawahi kuruka jina.

Ruthu alikuja kwa treni kila Jumamosi. Walikunywa chai kwenye mgahawa wa Abdulrasul, wakagawana sambusa.

“Kimefika wapi?” aliuliza.

“Kwa bwana wa tatu.”

“Wewe unanivuta kwa kamba ya kitabu, Sila. Sema tu kwamba unataka kuniona.”

“Nataka kukuona. Na kitabu nacho kiko kwa bwana wa tatu.”

Alicheka, akamfuta makombo mdomoni. Walipendana, tena haraka. Lakini Oktoba iliisha, Novemba ikaanza kuliwa, na kitabu kilikuwa kwa bwana wa tano. Korongo lilikuwa limebakiza hatua arobaini kufika darasa la kwanza.

Jumamosi moja Ruthu alichungulia dirisha la maktaba akakiona kitabu mezani, kinasubiri kupelekwa kwa bwana wa saba.

“Si hicho hapo?”

“Hicho, lakini...”

“Nipe hapa hapa dirishani. Saa moja tu.”

“Ruthu, nikikamatwa sina kazi. Tena si zamu yako.”

“Si zamu yangu?” Sauti yake ilishuka. “Watoto wangu wanasoma ukingoni mwa shimo, nawe unanipanga foleni? Kitabu kipo, Sila. Wewe ndiye hupo.”

Hakuja tena. Sila alivumilia wiki tatu, kisha akaenda kumbembeleza Gideoni, karani wa stesheni, amwazime simu. Simu ya reli ilikuwa waya mmoja kwa stesheni zote za njiani. Ukizungumza na Gulwe, Kikombo anasikia, Igandu anasikia, na Msagali naye ametega sikio. Huko Gulwe, Yoramu wa stesheni alikwenda kumwita mwalimu.

“Ruthu, mpenzi, nisikilize.”

“Kimetoka?”

“Yamebaki majina mawili. Bwana wa nane alikuwa likizoni...”

“Basi ngoja mabwana zako. Mimi nangoja mvua.”

“Nakupenda, Ruthu!”

“Msagali tumesikia,” ilisema sauti nyingine, na mtu akacheka huko Igandu. Ruthu alikwishakata simu.

Mvua ilinyesha Jumanne, siku mbili mfululizo. Alhamisi kitabu kilirudi mezani kwa Sila na sahihi zote tisa, wino wa rangi tatu. Bwana wa tisa aliongeza maneno pembeni: *Kizuri sana.*

Sila alikifungua kwenye sura ya makorongo. Kurasa zilikuwa zimeshikana. Akapeleka kidole sura ya mbele, zimeshikana. Ya nyuma, zimeshikana. Kisu hakikugusa hata moja. Watu tisa walikuwa wametia sahihi kitabu ambacho hakuna aliyekisoma, na yeye alikuwa amemnyima mpenzi wake kwa ajili yao. Alijionea haya, kisha akapandwa na hasira. Akafunga kitabu ndani ya gazeti, akatia kisu cha kukatia karatasi mfukoni, na Ijumaa akapanda treni bila ruhusa ya mtu.

Alimkuta Ruthu korongoni, gauni lile la kijani limejaa tope mpaka magotini. Bustani ya maharage ya shule ilikuwa imekwenda na maji. Kufikia darasa la kwanza zilibaki hatua kumi na mbili.

“Umechelewa,” Ruthu alisema.

“Nimechelewa. Hawakukisoma, Ruthu. Hata mmoja.” Akamnyooshea kitabu na kisu. “Msomaji wa kwanza ni wewe.”

Ruthu alizitazama kurasa zile. Machozi yakamtoka, ya uchungu wa miezi miwili, akayafuta kwa mkono wa tope na kuanza kukata.

Jumamosi na Jumapili walifanya kazi na wazazi wa watoto, wakipanga mawe na matawi kukatiza korongo kama mchoro ulivyoonyesha, wakianzia juu.

“Kazi labda sina tena,” Sila alisema, jiwe mikononi. “Nataka kukuoa hivyo hivyo.”

“Leta jiwe hilo.”

“Nijibu kwanza.”

“Jiwe, Sila.”

Jumatatu asubuhi walikwenda stesheni kuuliza treni ya Dodoma. Yoramu alikuwa ameshika simu, uso umemkunjamana.

“Dodoma wanamtafuta karani wao. Bwana mkubwa anauliza kitabu kiko wapi.”

Sila alinyoosha mkono, lakini Ruthu alimtangulia kuichukua simu.

“Mwambie kitabu kinasomwa,” alisema.

“Nani anazungumza?” aliuliza Gideoni kutoka Dodoma.

Ruthu alimtazama Sila, kucha zake zimejaa udongo, soksi moja imeshuka.

“Mchumba wake. Igandu, Msagali, mmesikia?”