Maji ya Bobini

Kila alipotoka shule, kazi ya kwanza ya Chaki ilikuwa kuzoa pini. Alivua viatu mlangoni, akachukua sumaku na kuipitisha polepole chini ya meza ya mama yake, fundi cherehani, mpaka sakafu ya chumba cha mbele ikawa salama kwa nyayo za watu na za mbwa. Hilo la Chaki halikuwa jina lake, lakini pua yake haikukosa alama ya chaki ya kupimia nguo, na nyumbani hakuna aliyemwita vingine.

Nyuma yake alifuata Bobini, mbwa mdogo wa kahawia, mviringo kama kile kigurudumu cha uzi kinachokaa tumboni mwa cherehani. Chaki alipewa na bibi wa nyumba ya pili, akampenda kama pumzi yake. Tatizo la Bobini lilikuwa moja tu: alikojoa popote. Juzi juzi alilowesha joho la kwaya la mteja, na mama akalazimika kulifua na kulipiga pasi upya.

"Mwanangu, nguo za watu ndizo zinazotulisha," mama alisema. "Akilowesha nyingine, atarudi kwa bibi. Na hapo sitanii."

Chaki aliumiza kichwa, akapata njia. Mbwa asiyekunywa, alijiambia, atakojoa nini? Akaliondoa bakuli la maji, akalificha nyuma ya gunia la vipande vya vitambaa. Asubuhi Bobini alipewa vijiko vichache tu, na jioni vivyo hivyo.

Sakafu ikakauka. Mama wa kwaya alipokuja kuchukua majoho, alimtazama Bobini aliyejilaza kimya, akacheka.

"Huyu kasoma shule gani? Wangu mimi hajui hata mlango uko wapi."

"Kafundishwa na binti yangu huyu," mama alijibu, na uso wake ukang'aa. "Mimi nilishakata tamaa, yeye akakaza."

Chaki alihisi amerefuka ghafla. Akainamia sumaku yake.

Joto likazidi. Mama alikuwa akinyunyizia nguo maji kabla ya kupiga pasi, na Bobini akaanza kuizunguka meza, akilamba kila tone lililoanguka sakafuni.

"Mwone fundi wetu mpya," mdogo wake Chaki alisema. "Dada, mlipe, anakusaidia kudeki."

Mama alicheka. Chaki hakucheka. Alitaka kulitoa bakuli, lakini akakumbuka kwamba mbwa angerudishwa, akaliacha palepale.

Kesho yake Bobini hakuja kumpokea. Alikuwa amelala chini ya meza, macho yameingia ndani, na alipoitwa alitikisa mkia kidogo tu. Mama aliweka mkasi chini.

"Kameza pini huyu," alisema. "Chaki, jana ulizoa zote?"

"Nilizoa, mama."

"Basi kosa ni langu. Nilishona tena baada yako." Akamfunga Bobini katika kipande cha flana, wakaenda mbio mpaka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Aliivuta taratibu ngozi ya mabegani mwa Bobini, akaiachia. Haikurudi upesi, ilisimama kidogo kama mkunjo wa nguo. Akamgusa ufizi. "Unanata. Huyu maji yamempungukia mwilini. Ametapika? Ameharisha?"

"Hapana," mama alisema. "Naogopa kameza pini. Kwangu pini hazikosekani."

"Basi itabidi tumpige picha, na tukiiona, tumpasue."

Mama alikuwa amejishika kichwa. Chaki alimtazama, kisha akamtazama mbwa.

"Hajameza pini, daktari," alisema. "Mimi ndiye niliyemnyima maji. Nilitaka asikojoe ndani. Mama, si wewe."

Daktari akachukua sindano na mfuko wa maji ya dawa, akamwingizia Bobini chini ya ngozi.

"Umeniokolea muda mwingi," alimwambia Chaki. "Sikia, mjukuu wangu. Mkojo unautoa uchafu mwilini. Ukizuia maji, uchafu unabaki ndani na kumdhuru. Tena mbwa mdogo kama huyu hana akiba. Joto kidogo tu, amekwisha. Leo mpe maji kidogo kidogo, mara nyingi. Kuanzia kesho, maji safi yawepo wakati wote, mahali penye kivuli. Kukojoa utamfundisha kwa kumtoa nje: akiamka, akila, akinywa."

"Ni kazi hiyo," mama alisema.

"Nitaifanya," Chaki alijibu.

Na kweli aliifanya. Alitafuta bakuli zito lisilopinduka, akaliweka karibu na mlango, mbali na nguo. Alilisugua na kubadilisha maji kila siku. Aliamka mapema kumtoa Bobini nje, hata siku ambazo usingizi ulimng'ang'ania. Mara kadhaa Bobini alikosea. Chaki alideki bila kununa, na mama hakutaja habari za bibi.

Asubuhi moja mama alikuwa akitia uzi kwenye cherehani. Bobini alikunywa maji kwa kelele mpaka kidevu kikalowa, akaenda mwenyewe mlangoni, akaukwaruza. Chaki akamfungulia. Aliporudi ndani, alimkuta mama ameacha uzi, anamtazama yeye.

"Siku ile nilikusifu bure," mama alisema. "Leo nakusifu kwa haki. Njia ya mkato ilikupa sakafu kavu na mbwa mgonjwa. Hii ya jasho imekupa mbwa mzima anayejua mlango. Lakini ujue, mimi nilianza kukuonea fahari kule kwa daktari. Ungenyamaza, pini ingebeba lawama na Bobini angepasuliwa. Ukasema, ingawa uliogopa. Mtoto wa namna hiyo namtaka mimi."

Chaki aliokota bakuli lililobaki nusu, akaenda kulijaza.