Wote Mliomo Humu, Hameni

Sogeeni, wajukuu, sogeeni. Wewe mwenye redio, izime; na anayetafuna karanga ameze kwanza. Hili si la kusikia nusu.

Palikuwa na zahanati huko Miyuji, na Nasra, binti wa Kondoa, mjamzito wa miezi saba, ndiye aliyetunza orodha ya wajawazito: kila mimba na mstari wake. Orodha haikukaa kitabuni. Ilikaa kwenye kompyuta, ndani ya kitu wanachokiita kanzidata. Mimi nakiona kama nyumba ya vyumba vingi. Bosi wake, Castory, akataka wahamie kanzidata nyingine, iliyojengwa kwa ramani ile ile.

"Zinafanana kweli?"

"Kama Kurwa na Doto, bosi. Kuhama ni nusu saa tu."

Nasra akabonyeza, akaipiga mashine kofi la mzaha. "Haya, wote mliomo humu, hameni!"

Bibi Mwanne, mfagizi, akaacha kudeki. "Mwanangu, nyumba haihamwi hivyo. Walio wako unawaita kwa majina. Ukisema wote, unajua wamo wangapi?"

"Bibi, humu mna maandishi tu."

Nyumba ya zamani ilikuwa na mistari 2,312. Mpya ikahesabu 2,313. Na Julai ile, vumbi kavu likipepea nje, chumba kikanukia mvua.

Mstari uliozidi ulisema: *Doto. Mama yake: Nasra.*

Akaufuta. Akahesabu: 2,313. Akafuta tena. Umo. Siku ya tatu alikuwa akifuta huku akisonya, macho mekundu, chai imepoa na kuota utando.

"Si ulisema zinafanana?" Castory akafoka. "Nusu saa gani hii ya siku tatu?"

"Bosi, nikijua nitakwambia!"

Siku ya nne, adhuhuri, jua likiwa utosini na foleni nzima ya wajawazito ikisinzia barazani, Nasra akasikia vitufe vikibonyea, tap, tap, na mikono yake ilikuwa mapajani, na harufu ya mvua ikazidi, na mbele ya macho yake mstari wake mwenyewe, ule wa mtoto aliyembeba, ukaongezwa neno moja mwishoni, polepole, kama linaloandikwa na mtu anayejifunza kuandika: *amehama.*

Akashika tumbo. Mtoto, aliyekuwa akicheza tangu alfajiri, alikuwa kimya.

"Bibi," akanong'ona, "hachezi. Mwanangu hachezi."

Bibi Mwanne hakumlaumu. "Bomoa hiyo mpya. Urudi mlangoni, uwaite upya."

"Wote hao?"

"Ulishasema wote. Sasa sema mmoja mmoja."

Nasra akaifuta nyumba mpya yote. Kesho yake akaketi kuanzia asubuhi, akisoma majina kwa sauti na kuyavusha, na kwa kila jina Bibi akijibu, "Pita." Paulina, pita. Erica, pita. Hana, pita. Castory akachungulia, akatikisa kichwa, akaondoka. Sauti ya Nasra ikakauka, miguu ikavimba, naye hakuinuka.

Adhuhuri likabaki jina lake tu. "Nasra, na mtoto wake mmoja."

"Pita."

Vitufe vikabonyea vyenyewe. *Na mimi?*

Nasra akafunika mdomo. Bibi Mwanne akainama hadi kwenye kioo, akasema taratibu, kama anayemwambia mgeni aliyekosea mlango, "Wewe hukuitwa. Baki kwenu."

Harufu ikakatika. Hesabu: 2,312. Na tumboni, teke. Teke la hasira, jamani, la mtu aliyechoka kungoja.

Akazaliwa msichana. Huyo alirithi jina la Mwanne. Bibi, alipostaafu, alimwachia Nasra kiti chake cha barazani. Na ile mashine kuukuu yenye nyumba ya zamani, ambayo Castory alikataa kuitupa kwa kuwa bado nzima, aliirithi bosi mwenyewe, akaipeleka nyumbani kwake, mtaa wa Kikuyu.

Mke wa Castory ananiambia nyumba yao hunukia mvua hata kiangazi. Na adhuhuri, akiwaita watoto wake wawili waje kula, wanaitika watatu.