Gia Iliyorudi Yenyewe

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi magari, na si mtu wa kutishwa na maneno. Yaliyompata alinisimulia mara moja tu.

Walikuwa wamehamia mtaa ule hata mwezi haujaisha. Mchana huo alikuwa gereji kwake, anabishana na redio kuhusu mpira. Mara jirani mmoja, mwanamke aliyefiwa na mumewe karibuni, akaingia mbio, kandambili mguu mmoja.

“Fundi, njoo! Nyumba ya mama mkwe inaungua. Gari la zimamoto limekwama!”

Lililoziba njia lilikuwa gari la marehemu. Tangu mazishi liliegeshwa uchochoroni, betri imekufa. Enzi za uhai wake hata kuliegemea ilikuwa kesi, kwa hiyo hakuna aliyeligusa. Huko mbele moshi ulishavuka paa. Bibi kizee alikuwa chumba cha nyuma, miguu haimbebi.

Mjane akampa ufunguo. Shemeji akaingia garini, akauzungusha. Kimya. Lilikuwa gari la otomatiki. Bila umeme gia haitoki kwenye P, ile ya kuegesha. Akabandua kifuniko kidogo pembeni ya gia, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe cha ndani kwa bisibisi, akavuta. Gia ikaingia N, magurudumu yakawa huru. Akashusha hendibreki.

“Sukumeni!”

Majirani wakasukuma. Halikutikisika. Akatazama chini.

Gia ilikuwa P.

Akadhani ni haraka zake. Akarudia. Safari hii aliitazama. Ikarudi yenyewe, taratibu, kama mtu anayefunga mlango asiamshe watoto.

Mara ya tatu akaing'ang'ania. Ndipo akahisi kitu juu ya mkono wake. Kizito. Cha baridi. Kikasukuma mbele. Siti ya pembeni haikuwa na mtu. Sponji yake ilikuwa imebonyea.

Mjane akainama dirishani. Hakumtazama fundi. Aliitazama ile siti.

“Baba watoto,” akanong'ona. “Mama yako yuko ndani. Achia.”

Uzito ukaondoka. Gia ikashuka N. Gari likaanza kwenda kabla mtu hajaligusa.

Lilikuwa linapanda mlima.

Shemeji alishika usukani tu, mpaka likatoka uchochoroni. Zimamoto wakapita. Bibi kizee akatolewa anakohoa, mzima.

Jioni mjane alikuja gereji kushukuru, akamkuta shemeji ananawa. Mgongoni mwa mkono wake wa kushoto palikuwa na alama nyeupe za vidole. Sabuni haikuzitoa. Mjane akaushika ule mkono, akapapasa alama moja moja. Ya tatu iliishia nusu.

“Fundi, uliwahi kumwona mume wangu?”

“Hapana, mama. Nilikuta ameshazikwa.”

“Kidole chake hiki kilikatwa na msumeno,” akasema polepole. “Hata hatujaoana.”

Akaondoka bila kuaga.

Juzi nimeziona alama hizo mwenyewe. Dada anasema siku ile zilikuwa mgongoni mwa mkono. Sasa ziko kwenye kiwiko.

Zinapanda.