Waya Chini ya Kiti cha Nyuma

Siku hiyo madereva wa mabasi na teksi walikuwa wamegoma, na gari la Sindano nalo likaona lisibaki nyuma. Alikuwa amelizima kwa muda mfupi tu mbele ya duka la dawa, kwenye lango la soko kuu, akakimbia kununua vidonge vya mama yake. Aliporudi akazungusha ufunguo. Stata ilizunguka vizuri, injini ikakataa kuwaka. Akajaribu tena, na tena.

Kwenye kiti cha mbele, kilicholazwa hadi karibu kugusa cha nyuma, alikuwa amelala mama yake, uso umevimba, pumzi inakuja kwa vipande. Figo zilikuwa zimemwangusha. Alitakiwa kusafishwa damu kwa mashine, na zamu iliyopita alikuwa ameikosa kwa sababu ya homa. Leo akiikosa tena, hakuna aliyekuwa na shaka nini kingefuata.

"Dada, hiyo ni betri," alisema muuza viatu.

"Betri imekufa na stata inazunguka? Acha utani, kaka yangu."

"Basi mafuta."

"Nimejaza jana."

"Tulisukume tu," akasema mwingine, kama ilivyo kawaida ya wasiojua gari.

Wakalisukuma hadi mwisho wa ukuta wa soko, wakalirudisha. Hola, halikuwaka. Gauni la bluu la Sindano lililowa mgongoni, kilemba kikamlegea, naye hakuwa na mkono wa kukifunga. Simu ikaita. Alikuwa muuguzi wa hospitali.

"Mko wapi, dada?"

"Njiani."

"Njiani wapi? Mgonjwa mwingine ameshakaa kwenye benchi anasubiri mashine hii hii. Nitamshikilia kidogo, lakini siwezi kumshikilia sana."

Sindano alikata simu, akaegemea mlango wa gari, akaanza kulia mbele za watu. Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma ya kundi: "Acheni kulisukuma. Mnalichosha bure."

Sauti ile aliijua kabla hajageuka. Ilikuwa ya Cheche, fundi umeme wa magari, mwanamume aliyempenda mwaka mzima na kumchukia miezi iliyofuata. Alikuwa na shati jeupe safi, siku hiyo halina grisi, na mfukoni taa yake ndogo ya kupimia umeme. Begi la vifaa hakuwa nalo. Alikuwa kwa miguu kama watu wote siku ile, akienda kwa mteja kudai fedha zake.

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa na maneno ya miezi yote ile, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyasema.

"Nani huyo?" aliuliza Cheche.

"Mama yangu. Yuko kwangu tangu augue. Anakufa, Cheche."

Cheche aliinama dirishani. "Shikamoo, mama," akasema; macho ya mama yalikuwa nusu wazi tu. "Sindano, ingia garini. Washa swichi, usipige stata. Na nyie jamaa zangu, naomba kimya."

Ajabu ni kwamba walinyamaza. Cheche alitega sikio kwenye kiti cha nyuma. Pampu ya mafuta, iliyokuwa chini yake, ilipaswa kuunguruma kidogo kila swichi ikiwashwa. Haikuunguruma.

"Pampu haifanyi kazi. Au imekufa, au haipati umeme." Akachomoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha. "Fyuzi nzima. Nifungulie kiti."

"Nivute kwa mbele?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe fundi wa viti?"

Kwa kweli ndiye. Mtaa mzima wa gereji ulimwita Sindano kwa sababu alishona viti vya magari, na kwa sababu ulimi wake nao ulichoma. Alikivuta kiti kikatoka, wakakitupa kwenye buti. Cheche aligusisha taa yake kwenye plagi ya pampu. Haikuwaka. Akaufuata waya kwa vidole kuelekea mbele, polepole, mpaka akasimama.

"Hiki kiti kilikuwa na kitambaa cha kijani. Tulikichagua pamoja. Hii ngozi nyeusi umeivalisha lini?"

"Siku ile nilipokuona na bibi harusi."

"Ulikuwa na hasira?"

"Nilikuwa sioni mbele."

"Basi kibanio kimoja cha ngozi ulikipiga ukabana waya wa pampu. Umekuwa ukisuguliwa kila gari likitikisika. Leo umekatika."

Ni kosa ambalo hakuna fundi mwingine angelifanya, maana hakuna mwingine aliyewahi kushona kiti huku akimlaani mtu. Sindano aliweka mikono kichwani. Kumbe mama yake alikuwa akifia kwenye kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Usianze kujilaumu, hatuna muda huo," alisema Cheche. "Ncha zimebaki fupi, nikizisokota zinateleza. Nitazishika kwa mikono. Wewe endesha."

"Hapo chini kuna tangi la mafuta."

"Najua lilipo. Endesha, Sindano."

Alipiga magoti mahali kiti kilipokuwa, akazikutanisha ncha. Pampu ikaunguruma, injini ikawaka mara moja, na watu wa soko wakashangilia. Sindano aliondoa gari huku honi ikilia mfululizo, barabara imejaa watembea kwa miguu.

"Mama anapumua?" aliuliza.

"Anapumua. Usigeuke."

Walipita kituo cha mabasi kilicho kitupu. Moyo wa Sindano ulikuwa sehemu mbili, moja kwa mama, nyingine nyuma kwa mwanamume yule.

"Ulivaa koti," alisema ghafla. "Bibi harusi alikaa mbele, pembeni yako. Ulikuwa unacheka."

"Sasa hivi ndiyo unaniuliza?"

"Nisipouliza nitapasuka."

"Gari lao lilikuwa likizimwa haliwaki. Bwana harusi alishatangulia, dereva akaogopa, wakaniomba niliendeshe mwenyewe hadi ukumbini. Ovaroli ingeharibu picha, wakanipa koti la shemeji yao. Nyuma kulijaa gauni na mashada."

"Na kucheka?"

"Gari liliwaka. Wewe hujaniona nikicheka gari likiwaka?"

Alikuwa amemwona mara mia. Alikuwa akimtania kwamba anapenda injini kuliko yeye.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa simu ipi? Ulinifungia namba siku hiyo hiyo. Nikaja dukani kwako, wakaniambia umesafiri. Ningerudi, lakini nami nilikasirika. Nikasema kama ananifikiria hivyo, basi. Upumbavu mtupu."

"Nilikuwa stoo, Cheche. Nilikusikia ukiondoka. Nimekulilia mpaka leo sijapona."

Mikono ya Cheche ililegea, na gari likazimika katikati ya makutano. Nyuma honi zikapigwa. Mama alikoroma vibaya, kichwa kikaanguka upande.

"Shika!" Sindano alipiga kelele. "Shika, anakufa!"

"Nimeshika. Piga stata."

Ilizunguka, ikazunguka. Cheche alibana ncha kwa nguvu, cheche zikamla vidole, harufu ya ngozi iliyoungua ikajaa garini. Injini ikawaka.

"Usiniambie jambo lolote la mapenzi tena mpaka tufike," alisema kwa shida. "Nakupenda, mpenzi, lakini sina mkono wa tatu."

Sindano aliendesha huku akilia bila sauti. Cheche aliinua tu kichwa kila mara kutazama kifua cha mama, akisema, "Anapumua," na mara ya mwisho alikaa muda mrefu kabla ya kulisema.

Hospitalini, muuguzi alikuwa tayari ameshamshika mkono yule mgonjwa mwingine. Alipoiona hali ya mama, alimwomba mgonjwa huyo radhi, akamrudisha kwenye benchi, na mlango ukafungwa nyuma ya kitanda cha magurudumu.

Walibaki ukutani, shati la Cheche limechafuka, vidole vyake vimevimba malengelenge. Sindano alilowesha ncha ya kilemba chake bombani, akamfunga vidole.

"Nisamehe," alisema. "Hata asipopona, nisamehe."

"Nilikusamehe zamani. Nilikosa wa kumwambia."

Sindano alimlazia kichwa begani, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama walikuwa wakingoja uzima au msiba.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi alivua barakoa, akamtazama Sindano.

"Shinikizo lake la damu bado liko chini, simwahidi mtu kitu. Ila amefumbua macho, na anauliza swali moja tu. Yule mwanamume aliyekuwa amepiga magoti nyuma yake garini, anayesema anapumua, anapumua, ni nani?"

Cheche alijiinua aondoke, akidhani amesumbua. Sindano aliushika mkono wake uliofungwa, na hakuulegeza.

"Mwambie ni mkwe wake," alisema.