Posa ya Cherehani

Tuseme ukweli mapema tusije tukamtetea bure: siku ile mjinga alikuwa yeye. Kila mtu alishauona mnyororo langoni akajua kiwanda cha mashati kimefungwa. Yeye akasukuma lango, akasukuma tena, kisha akamgeukia mwanamke waliyebanwa naye kwenye umati.

"Dada, leo sikukuu?"

Mwanamke alikuwa na gauni la kijani, kilemba kimelala upande, utepe wa kupimia bado shingoni. Alimtazama kuanzia viatu hadi utosi.

"Sikukuu ya nani? Ya waliofukuzwa?"

"Basi tusherehekee."

Akacheka, ingawa hakutaka. "Wewe si ndiye Pasi, wa chumba cha mvuke?"

"Na wewe, kwa utepe huo, ndiwe Kola, mshona kola. Miaka yote nanyoosha kola zako, sura ndiyo kwanza naiona."

"Nyingine uliziunguza."

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia mazungumzo."

Kwa miaka yote hiyo ukuta mmoja tu uliwatenga, na kelele za mashine. Kazi ilipokufa ndipo wakasikiana.

Wakapendana kwa simu, maana nauli ilikuwa ya kufikiria mara mbili. Mchana kutwa Pasi alikaa chumbani kwa dada yake, mkono wa kulia ukienda mbele na kurudi nyuma juu ya goti, kama bado umeshika pasi. Hakulia. Hakukasirika. Ilikuwa ganzi tu, ile ya taya lililong'olewa jino: unajigusa, wala huamini kwamba uso ni wako.

"Umekula?" Kola alikuwa akiuliza.

"Nimekula."

"Nini?"

"Chakula."

"Pasi wee! Hata uongo unakushinda kumalizia?"

Kola mwenyewe alikuwa keshawakusanya wenzao kwenda ofisi ya kazi. "Kampuni ikifa, jasho letu halizikwi nayo," alimwambia. "Tuna malipo ya notisi. Tuna kiinua mgongo cha kila mwaka tuliotumika. Mali ikiuzwa, tumo kwenye foleni ya mbele. Usipokee kitu cha kumalizana, mpenzi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, laazizi."

Kusikia alisikia. Kuelewa ndiko kulikochelewa njiani.

Mfilisi, yule bwana aliyeletwa kufunga hesabu za kampuni, alikuwa akiwaita watu mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. "Kesi huzeesha, kijana. Chukua cherehani moja, tumalizane." Pasi akaitazama cherehani, akamwona Kola akilini, ameketi mbele yake katika nyumba yao wawili, dirisha wazi. Akakubali. Akaikokota kwa mkokoteni mtaa kwa mtaa hadi mlangoni kwa Kola, shati limemganda mgongoni, meno yote nje.

"Nini hii?"

"Posa."

Kola akainama, akaushika waya. Alipoinuka, uso ulikuwa umebadilika.

"Unajua inakula umeme gani?"

"Si huu wa ukutani?"

"Wa kiwandani, Pasi! Wa njia tatu! Hapa kwangu nikichomeka birika, taa inazimika!" Akashusha sauti. "Umeuza haki yako kwa chuma. Na kesho mfilisi atatutolea mfano wewe: mwenzenu mbona karidhika?"

"Nakuletea zawadi, unanisomea sheria? Sema tu hunitaki."

"Irudishe."

"Sema hunitaki!"

Mlango ukafungwa. Haukubamizwa, ulifungwa polepole, na hilo ndilo lililouma zaidi. Au lingeuma, kama angekuwa anahisi.

Dada yake aliipatia cherehani kazi: akaanikia sufuria. "Kaka yangu, umekwenda kuposa mke, umerudi na kabati." Pasi akarudi kwenye goti lake, mkono mbele na nyuma. Simu haikulia.

Asubuhi moja, akiondoa sufuria, aliona kitu kimebanwa chini ya sindano. Kola ya shati, imeshonwa nusu, uzi bado haujakatwa. Aliyeishona alisimamishwa katikati. Akaitoa, akailaza gotini, akainyoosha kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Kisha yote yakamjia kwa mkupuo, akalia mpaka dada yake akazima redio.

Akapiga simu.

"Sema," Kola akaitika, kavu.

"Nataka kuja na nyie ofisi ya kazi. Na mkokoteni."

Akasikia pumzi ndefu upande wa pili.

"Vaa shati safi, basi."

Ofisi ya kazi ilijaa hadi vizingitini. Cherehani iliketi katikati kama mgeni rasmi. Afisa kazi, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimwuliza Pasi, "Uliipokea?"

"Niliipokea, mama. Nilikuwa mjinga. Nimeirudisha, nidai haki yangu pamoja na wenzangu."

Mfilisi akatabasamu, akakunja mikono. "Tulimalizana. Alichukua kwa mapenzi yake mwenyewe, na ujinga hauna marejesho."

Kola akasimama. Lile gauni la kijani.

"Na wewe ni nani wake?" mfilisi akauliza.

"Mimi ndiye niliyeposwa kwa mashine hii. Kama posa haikutimia kwa chuma hiki, ingawa nampenda, deni lako kwake litalipikaje nacho?"